Mjomba, nishike trela la Kampala au nibaki na chumvi ya Gongoni?

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni dereva, umri miaka 33, naishi Muyeye hapa Malindi na mke wangu na watoto wawili. Mkubwa yuko gredi ya tatu, mdogo ndiyo kwanza anajifunza kusema. Naendesha lori la magurudumu kumi la bwana mmoja wa hapa mjini. Kazi yetu hasa ni chumvi: tunapakia Gongoni au Marereni, tunashusha Mombasa, tunarudi na saruji, unga, pengine kreti za soda za maduka ya Malindi. Mara moja moja bosi hunituma Mokowe na saruji, wapagazi wakaishusha kwenye mashua za kwenda Amu, nami nikarudi siku ya pili.

Mshahara wangu ni 22,000 kwa mwezi, na kila safari ya Mombasa ananiongeza 1,500. Mwezi mzuri napiga safari kama kumi na mbili, kwa hiyo naondoka na 40,000. Zinaingia kwa M-Pesa, hati ya mshahara sijawahi kuiona, na nilipouliza NSSF, ile akiba ya uzeeni, niliambiwa hayo ni mambo ya watu wa afisini. Ila usiku mwingi nalala kwangu, na Ijumaa nikijipanga vizuri nawahi msikiti.

Sasa rafiki yangu tuliyesoma naye ameniitia kazi kampuni moja ya matrela Mombasa. Leseni ya CE, ile ya matrela, ninayo, na trela nimewahi kuliendesha kwa muda. Meneja ameniambia mshahara ni 25,000, na kila safari ya Kampala posho ni 15,000. Anasema dereva mwenye bidii anapiga safari nne kwa mwezi, yaani 85,000. Nikishazoea njia watanipeleka Juba, ambako posho ni mara mbili. Rafiki yangu huyo kwa kweli ameinuka: amenunua pikipiki akampa mdogo wake afanyie boda, na ana kiwanja Mtwapa.

Mke wangu hataki. Anasema heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Mama naye anasema mwanamume hutafuta. Nina msingi wa nyumba umesimama tangu mwaka jana, mawe yameota nyasi. Bosi wangu amesikia fununu na siku hizi salamu yangu haijibu sawasawa. Meneja anataka jibu mwisho wa mwezi.

Nifanyeje, Mjomba?

Wako,
Dereva wa Chumvi, Malindi

*

Marahaba, mpwa wangu.

Barua yako nimeisoma kalamu mkononi, maana umeniletea hesabu, na hesabu haijibiwi kwa nasaha. Kwa hiyo tuanze na hizo safari nne, kwa sababu hiyo 85,000 yote imesimama juu yake.

Kutoka Mombasa hadi Kampala ni takriban kilomita 1,170. Sheria ya Trafiki ya Kenya hairuhusu dereva wa gari la biashara kushika usukani zaidi ya saa 8 ndani ya saa 24. Trela lililojaa, likipanda Mazeras, likipita mizani ya Mariakani, likakamatwa na foleni ya Mlolongo, likajikokota hadi juu Burnt Forest, likifanya wastani wa kilomita 50 kwa saa limefanya vyema. Saa nane mara hamsini ni kilomita 400 kwa siku. Basi kwenda ni siku tatu na kurudi siku tatu, gurudumu likizunguka tu. Safari nne ni siku 24 za usukani. Bado hujapanga foleni ya kupakia bandarini, hujasubiri karatasi mpakani Malaba, hujakaa Kampala uwanjani kwa tajiri anayesema watu wa kushusha watakuja kesho. Weka hizo na mwezi umekwisha kabla hujamaliza safari ya tatu.

Kwa hiyo meneja anaposema dereva mwenye bidii anapiga nne, anakuambia kwa lugha ya adabu kwamba hutalala. Utaendesha usiku, na usiku wa barabara ile una majina yake. Salgaa na Sachangwan, ule mteremko wa kati ya Nakuru na makutano ya Molo, umekula madereva wengi kuliko sehemu nyingi za nchi hii, na wengi wao walikuwa wenye bidii.

Sasa tuandike mwezi wa kweli. Safari mbili, mwezi mzuri tatu. Mbili zinakupa 25,000 na 30,000, jumla 55,000. Lakini ile posho si mshahara. Posho ni chakula chako njiani, chai ya Maungu, kuoga, mahali pa kupaki penye mlinzi, na askari wa usiku unayemwachia kitu ili turubai lisichanwe. Niliwauliza madereva wawili wa njia hiyo ninaowaamini, wakaniambia mtu mwenye kubana hutumia kama 800 kwa siku. Ukiwa nje siku 24, hiyo ni 19,200. Kinachobaki ni 35,800. Bado nauli ya Mombasa hadi Malindi kila unapopata siku mbili za kuja nyumbani.

Hapa kwa bosi wako unapata 40,000, na ukinunua wali samaki na maji kila safari sidhani unapita 3,000 kwa mwezi. Unabaki na 37,000. Umeona? Mwezi wa safari mbili, trela la Kampala linakulipa pungufu ya lori la chumvi. Mwezi wa safari tatu, ndiyo, utaingiza 70,000, utoe gharama zako, ubaki na kama 48,000. Hapo umeizidi chumvi kwa elfu kumi na moja hivi. Hizo ndizo pesa mnazogombania wewe, mkeo na mama. Si 45,000 kama alivyokuhesabia meneja.

Na elfu kumi na moja ni pesa, sikatai. Ni lori la mawe. Lakini angalia zinategemea nini. Posho hutoka gurudumu likizunguka. Gari likilala gereji wiki mbili kwa kukosa spea, unabaki na 25,000 yako na familia yako inakusubiri. Malaba ikifunga, ni hivyo hivyo. Mwaka 2020 wakati wa korona, foleni pale ilifika makumi ya kilomita, watu wakilala kwenye kebini siku baada ya siku wakisubiri majibu ya vipimo. Hata serikali ikibadili fikira unaumia wewe. Reli ya SGR ilipoanza kubeba mizigo mwanzoni mwa 2018 na ikaamriwa kontena zipande treni, vijana wangapi wa Jomvu na Changamwe walirudi makwao mikono mitupu? Amri ile ilikuja kuondolewa Septemba 2022, na ndiyo maana leo kampuni kama hiyo inatafuta madereva. Mwenye trela alikuwa na benki ya kuzungumza naye. Dereva wa posho alikuwa na mwenye nyumba.

Kuhusu rafiki yako na kiwanja cha Mtwapa: mwulize, kwa upole, amenunua kwa posho au kwa kitu kingine. Sitaki kumsingizia mtu nisiyemjua. Lakini kwenye njia ile dizeli huuzwa kwa madumu kando ya barabara, na wanaouza si wenye malori. Kama ndivyo alivyoinuka, basi hesabu yake haiwezi kuwa yako, kwa sababu siku teknolojia ya tangi itakapomsema ataondoka na deni.

Hapo ndipo penye mtego wa kazi hizi ambao watu hawausemi. Kampuni nyingi hupima mafuta kwa safari. Ukitumia zaidi ya walivyopanga, unakatwa. Upepo wa mbele, foleni, gari bovu linalokunywa, yote ni yako. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea kwa kusudi lako, na kwa jumla makato yote hayawezi kupita theluthi mbili ya mshahara. Haisemi akukate kwa sababu mlima ni mrefu. Kabla ya kusaini, mwulize meneja: mafuta yakipungua inakuwaje? Kisha nyamaza umtazame. Atakavyojibu hilo ndivyo atakavyokutendea.

Tena kuna mzigo wa transiti, ule unaopita tu Kenya kwenda nchi nyingine. Ule hufungwa sili ya kielektroniki ya KRA, mamlaka ya kodi, na njia yako inaonekana Nairobi kwenye skrini. Kichwa cha trela kikizima mahali pasipotakiwa, simu ya kwanza inakuja kwako. Mzigo ukichokorwa ukiwa umelala, wa kwanza kuhojiwa ni wewe, na tajiri yako yuko kwenye kiyoyozi Miritini. Mizani nayo: uzito ukizidi Mariakani, nani analala pale mpaka shauri liishe? Haya ni maswali ya kuuliza sasa, si Mtito Andei usiku wa manane.

Juba sitaki hata tuizungumze sana. Kutoka mpaka wa Nimule hadi mjini Juba ni kilomita 192 za lami, na ndizo zilizotisha watu. Mwaka 2021 madereva waligoma wakapanga magari Elegu, upande wa Uganda, baada ya wenzao kuuawa kwenye kipande hicho. Posho ni mara mbili kwa sababu hiyo. Mtu asiye na mtoto anayejifunza kusema akachague mwenyewe. Wewe mwambie meneja kabisa, kwa maandishi, kwamba Juba huendi, na uone kama kazi bado ipo.

Sasa mkeo. Kasema heri kenda shika, na ninamheshimu kwa hilo. Lakini mpwa wangu, hiyo kenda yenyewe mmeihesabu? Kwangu mimi ni saba, kama si sita na nusu.

Mshahara wa kima cha chini wa dereva wa gari kubwa una mstari wake katika amri ya mishahara ya serikali. Kwa miji kama Nairobi na Mombasa ulipita 34,000 tangu Mei 2022, na Novemba 2024 ukaongezwa asilimia 6. Malindi ina safu yake, iko chini ya ile ya Mombasa, na namba yake utaipata ukiuliza afisi ya leba. Sitashangaa wakikuambia 22,000 haifiki. Na bosi wako hawezi kusema ile 1,500 ya safari ndiyo inayojazia, maana na yeye, kama meneja wa Mombasa, anachanganya mshahara na posho pale panapomfaa.

Kisha NSSF. Eti mambo ya watu wa afisini! Wewe umri wa miaka 33 unabeba chumvi, kitu kinachokula hata chesisi ya chuma ya lori lake. Kila ukifungua turubai Mombasa unaona maji yale yanavyotiririka kwenye boriti na kuacha kutu. Lori hilo lina bima. Wewe huna hata sehemu ya mwajiri kwenye NSSF, bima ya afya ya SHA unajilipia mwenyewe au hulipi, na mguu ukivunjika pale Gongoni sijui bosi atafungua daftari gani. Sheria ya fidia za majeraha kazini, ya 2007 pia, inamtaka kila mwajiri akukatie bima ya kazi. Mwajiri wa lori moja naye ni mwajiri. Sheria haikumwacha nje. Likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka umewahi kuiona? Nyumba au marupurupu ya nyumba je?

Wala usidhani kazi hii ya karibu ni ya kupumzika. Barabara ya kutoka Garsen kwenda Lamu imetiwa lami na inapendeza, lakini ni barabara ile ile ambapo Januari 2020 basi lilipigwa risasi Nyongoro, na magari yakawa yanapita kwa msafara wa polisi. Novemba 2023 Mto Tana ulipofurika, maji yalikata njia pande za Gamba na Lango la Simba, malori yakakaa. Ulilipwa nini siku zile? Kama jibu ni kwamba hukulipwa kitu, basi bosi wako na yule wa Mombasa wametofautiana kilomita tu.

Ndiyo maana nasema unalinganisha vitu visivyo. Unauliza njia ndefu au njia fupi. Mimi nauliza karatasi iko wapi. Kuna kampuni za matrela zinazolipa mshahara wa maana kwenye hati, zinakata SHA na NSSF, zinampa dereva posho ya chakula mbali na mshahara, na zinaweka madereva wawili au kumlaza mmoja Nairobi na kumpokeza mwingine. Dereva wa kampuni kama hiyo akienda kwenye sacco na hati zake anapewa mkopo, na msingi wako uliokaa ukiota nyasi ungefika linta. Kazi hiyo ukiipata, nenda, na mkeo nitamwandikia mimi mwenyewe. Uko kwenye umri wa kuifanya. Mgongo wa miaka 45 hauvumilii kebini, na njia ya transiti humfundisha mtu mambo ambayo njia ya Kilifi haimfundishi: karatasi za mpaka, mzigo wa baridi, mzigo wa hatari. Dereva mwenye hayo hatafuti kazi, kazi humtafuta.

Lakini hii uliyoitiwa sivyo ilivyo. Mshahara 25,000 kwa trela, Mombasa, mwaka huu? Mtu anayeanza na mshahara wa chini hivyo halafu akakurushia posho machoni anajua anachofanya. Posho haihesabiwi ukipata ajali, haihesabiwi ukifukuzwa, wala kwenye malipo ya uzeeni haionekani.

Kwa hiyo jibu langu kwa meneja ni hapana, kwa masharti hayo. Usiliache hivi hivi lakini. Mwandikie ujumbe mfupi wa adabu umwambie ungependa mkataba wa maandishi, mshahara usiopungua wa amri ya serikali, posho isimame peke yake, na uanze na njia ya Nairobi badala ya Kampala. Mombasa hadi Nairobi ni kilomita 480 hivi. Unaenda kwa siku moja na kitu bila kuvunja sheria, huvuki mpaka, na kila wiki unarudi Mombasa, ambako nyumbani ni safari ya matatu ya kilomita 120. Madereva wengi wa watoto wadogo wamekaa njia hiyo miaka na hawakujuta. Meneja akikubali, umepata kazi. Akikucheka, umejua ulikuwa unaitiwa nini.

Bosi wako wa Malindi mwendee wiki hii, kabla fununu haijazidi. Usimtishie na trela. Mwambie unafurahia kazi, unataka iandikwe. Aanze kukukata na kukuchangia NSSF, akukate SHA, na ile tozo ya nyumba ya serikali pia, na mshahara ulingane na safu ya Malindi. Mweleze na hili, kwa sababu ni mfanyabiashara na atalielewa: dereva anayeijua chumvi, anayejua turubai linavyofungwa isilowe na mvua ya Kaloleni, akimpoteza, atakayempata badala yake atamharibia gari kwanza ndipo aizoee kazi. Akikuambia hawezi yote mara moja, mpe nafasi apandishe kwa hatua, ila hatua ziwe na tarehe. Akikukasirikia na kukufukuza kwa kuuliza haki yako, afisi ya leba itakupokea, na Mahakama ya Ajira inakaa hapa hapa Malindi. Huna haja ya kupanda basi kwenda kushtaki.

Mama asikuvunje moyo. Mwanamume hutafuta, kweli, na wewe unatafuta kila siku kati ya Marereni na Mombasa. Mpelekee hesabu hii ya 35,800, umsomee polepole.

Halafu nenda ukapigwe chanjo ya homa ya manjano na uchukue kadi yake, ukafanye na pasipoti pia kama huna. Zote mbili hudumu miaka, na kampuni nzuri ikitangaza kazi Mombasa hutaki uwe ndiye anayesema subirini kidogo nikaitafute.

Mjomba